Nani Avae Koti la Mgeni

Siku Dada Ungo aliporudi kazini baada ya msiba, mlinzi wa getini aliushika mkono wake kwa mikono miwili, hakuuachia upesi.

"Pole sana, dada. Mungu ampumzishe."

"Amina," akaitikia, akapanda ngazi.

Ukuta wa ngazi za kampuni ile ya filamu ulikuwa na picha kubwa tatu za Mgeni: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa tatu ndiye kaka yake, ndiye waliyetoka kumzika. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamejadiliana asubuhi ile kama picha hiyo iondolewe kwanza asije akaiona. Hawakuwa wamekubaliana. Dada Ungo alisimama mbele yake, akanyoosha fremu iliyokuwa imepinda kidogo upande wa kushoto, akaendelea kupanda.

Mgeni ni jasusi wa kwenye filamu, lakini ukiwasikia watu wakimzungumzia utadhani wanamsema jirani yao. Hana jina lingine. Kazi yake ni kuingia mahali asipoalikwa, iwe harusini, iwe kwenye mkutano wa wakubwa, iwe sebuleni kwa adui mwenyewe. Husimama mlangoni, akafunga kifungo cha koti, akauliza taratibu, "Nimechelewa?" Na kabla mtu hajapata la kumjibu, ameshavutiwa kiti. Watoto wanaochelewa shuleni huuliza hivyo hivyo na huchapwa kwa ajili hiyo. Waume wanaorudi nyumbani wamechelewa nao wamejaribu, na wake zao hawakucheka.

Kazi ya Dada Ungo ilikuwa kuteua waigizaji. Aliianza akiwa karani wa mapokezi kwenye jengo lile lile. Waigizaji walipokuja kusubiri kwenye benchi, yeye ndiye aliyewaona kabla hawajaanza kuigiza, na mwongozaji alipopita alimdokeza: yule mrefu ana heshima kwa wakubwa tu, yule mfupi amempisha mama mwenye mtoto. Baada ya muda mwongozaji akaona ni afadhali amtoe mapokezi na kumpa chumba. Jina la Ungo alipewa na kaka yake, Mungu amrehemu, aliyesema watu wanaingia kwa dada yake kama mchele na wengi wanatoka kama makapi.

Mgeni wa kwanza aliacha kazi kitambi kilipomshinda na koti likagoma kufunga. Wa pili aligombana na kila mtu, hata na farasi. Alipotafutwa wa tatu, kaka yake alikuja akapanga foleni na wengine bila kumwambia mtu. Zamu yake ilipofika, Dada Ungo aliinuka kitini. "Huyu simpimi mimi," akasema. "Pimeni wenyewe." Akatoka nje, akafunga mlango. Mwongozaji ndiye aliyemchagua. Hata hivyo maneno hayakukosa. Walisema amembeba ndugu yake mgongoni. Hakujibu, na kaka yake akawajibu kwa kazi, filamu baada ya filamu, mpaka maradhi yalipomwangusha.

Sasa filamu mpya ilikuwa imeshalipiwa majengo na magari, na Mgeni hayupo. Mtayarishaji, ambaye jengo zima lilimwita Bosi, alimwita Dada Ungo ofisini na kumsogezea kiti mwenyewe, jambo asilomfanyia mtu yeyote.

"Dada, kazi hii tunaweza kumpa mtu mwingine safari hii. Hakuna atakayekulaumu."

"Na nikiifanya mwenyewe, yupo atakayenilaumu?"

"Hapana. Ila ninaona ni mzigo."

"Ni mzigo kweli. Basi nipe mimi ninayejua uzito wake."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mama yao alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo za marehemu kwa mara nyingine, nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Wanasema umeanza kazi," Mama akasema.

"Nimeanza, mama."

"Unamtafuta nani?"

"Mgeni mwingine."

Mama alinyoosha kola ya shati kwa kidole. "Mwanangu, sikukatazi kazi yako. Nakuomba kitu kimoja. Kila nilipowasha ile televisheni nilimwona anaingia mlangoni. Usinifutie mwanangu."

Dada Ungo alichukua shati jingine, akaketi kando ya mama yake, wakakunja pamoja. Alipolala alisali sala ndefu kuliko kawaida yake, na alipoamka ombi la mama yake lilikuwa bado kichwani.

Majaribio yalifanyika kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo ya samani. Dirisha lake lilitazama kamba ya nguo za jirani, feni ilikuwa inapiga kelele kuliko inavyopuliza. Mtihani ulikuwa ule ule kwa kila mtu. Wafanyakazi wanne walikaa kwenye meza wakipiga soga zao za kweli, si za kuigiza, na hapakuwa na kiti cha ziada mezani. Mwigizaji alitakiwa aingie, avae koti la majaribio, aulize, "Nimechelewa?" na apewe kiti bila kukiomba. Hapo ndipo Dada Ungo alipowajua watu.

Walikuja wengi. Alikuja mwimbaji aliyeleta watu wake wa kumpigia makofi. Alikuja mwalimu wa kuogelea mwenye mabega mapana kama kabati. Alikuja baba mmoja mtu mzima kabisa aliyesema Mgeni lazima naye azeeke, na kwa kweli hakukosea sana. Wote, bila kuambiana, walisimama mlangoni, wakauacha mkono wa kushoto unaning'inia, na kukifunga kifungo kwa mkono wa kulia peke yake.

"Leo vifungo vitakoma," mpiga picha alinong'ona nyuma ya kamera yake.

Dada Ungo alimsimamisha mwalimu wa kuogelea. "Kaka, samahani. Kwa nini unafunga kwa mkono mmoja?"

"Si ndivyo anavyofunga Mgeni, dada?"

"Ndiyo. Lakini kwa nini?"

Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. "Mbwembwe zake. Mkono mwingine uko tayari kwa bastola."

"Asante. Tutakupigia."

Hazikuwa mbwembwe. Utotoni, kaka yake alipanda juu ya bati kuigeuza antena ili baba yao aone mpira, bati likateleza, akaangukia bega la kushoto. Liliunganishwa likaungana vibaya. Mama alilikanda kwa maji ya moto muda mrefu sana, akilia yeye badala ya mtoto, lakini mkono ule haukuinuka vizuri tena na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kubana kitu. Alipopewa nafasi ya Mgeni, fundi wa mavazi aliona anavyohangaika na koti, akampanulia matundu ya vifungo bila kumtangazia mtu, ili kifungo kiteleze chenyewe kwa mkono mmoja. Watazamaji wakaona ndiyo maringo ya jasusi. Vijana wakaiga barabarani. Kaka yake alicheka mpaka machozi. "Waache waringe," alikuwa akisema. "Wao wana njia mbili za kufunga koti. Mimi nina moja."

Mchana ule mlango ulifunguka, akaingia mtu ambaye Dada Ungo hakumtilia maanani mara moja. Si mrefu, si mfupi. Alianza kukifunga kifungo kwa mikono miwili, na kwa kuwa koti la majaribio lilikuwa limeshonewa mtu mwingine, kikamgomea. Hakuona haya. Alikishughulikia bila haraka huku akiitazama meza. Kiti cha mpambaji wa nyuso, mmoja wa wale wanne mezani, kilikuwa kinayumba. Mwanamke yule alikuwa amekilalamikia tangu asubuhi na hakuna aliyejali. Mtu yule alikunja kipande cha karatasi, akainama, akakichomeka chini ya mguu wa kiti.

"Asante, kaka yangu! Njoo ukae basi," mpambaji akasema, akasogea, akavuta stuli iliyokuwa nyuma yake.

Yule mtu akaketi. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini, "Nimechelewa?"

Hakuna aliyemjibu kwa kuwa soga zilikuwa zimeshaendelea naye yumo ndani yake.

Mpiga picha alitoa jicho kwenye kamera. "Hebu subiri. Wewe si tulikuua wewe?"

"Mara tatu," yule mtu akasema. "Mara ya mwisho mlinitupa kutoka ghorofani. Mgongo bado unakumbuka."

Wote wakaangua kicheko, na Dada Ungo akapigwa na butwaa. Alikuwa ni Marehemu. Ndivyo walivyomwita kwa utani, kwa sababu katika filamu tatu za Mgeni alipewa sehemu ndogo ya kufa. Yeye mwenyewe Dada Ungo ndiye aliyempa sehemu zote tatu, na ameingia chumbani, ametengeneza kiti, ameketi, naye hakumtambua.

"Asante," alisema. "Tutakupigia."

Aliyemfuata alikuwa kijana wa tangazo la magodoro. Aliposimama mlangoni chumba kilikufa ganzi. Alikuwa amekata nywele kama kaka yake Dada Ungo, amefuga ndevu kama zake, na bega la kushoto limeshuka vile vile. Alifunga kifungo kwa mkono mmoja kama aliyezaliwa hivyo. "Nimechelewa?" Sauti ile ile, mkwaruzo ule ule mwishoni. Mpambaji alijifunika uso kwa kanga akalia. Mpiga picha aliiacha kamera ikijiendesha.

Dada Ungo alikuwa ameshainuka nusu bila kujua. Jina la kaka yake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alitoka mbio hadi msalani, akafungua bomba, akajimwagia maji usoni. Akajishikilia kwenye sinki, akaomba kwa maneno machache: "Ee Mungu, nimemkosa sana. Usiniache nikampa mtu kazi kwa sababu ya kiu yangu." Akajikaza kisabuni, akajifuta kwa upindo wa gauni, akarudi.

Alimkuta Bosi ameshafika, ameshamkumbatia Kijana wa Magodoro begani.

"Kazi imekwisha, dada! Mtu ndiye huyu. Watu watadhani hajafa."

"Amekufa, Bosi. Nimemtupia udongo kwa mkono wangu."

Bosi akashusha sauti. "Sikuwa na nia hiyo. Nazungumzia biashara. Watu wanataka waliyemzoea."

"Nimekuelewa. Lakini bado sijachagua."

"Chagua upesi, maana mimi nimeshachagua."

Dada Ungo hakumwambia mama yake habari ya kijana yule. Bosi ndiye aliyetafuta njia. Jumapili alasiri, Dada Ungo akiwa jikoni anamenya viazi, alisikia hodi, kisha akasikia kelele ya mama yake iliyomfanya aangushe kisu. Alikimbilia sebuleni. Mlangoni alisimama Kijana wa Magodoro, ndani ya koti lenyewe la kaka yake lililotolewa stoo ya mavazi, na nyuma yake Bosi ameshika mfuko wa matunda. Mama alikuwa amemkumbatia kijana kifuani, anamsuguasugua mgongo, anasema, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu."

"Tumekuja kukupa pole tena, mama," Bosi alisema, huku anamtazama Dada Ungo kwa kuibia.

Dada Ungo angewafukuza papo hapo. Lakini mikono ya mama yake ilikuwa imeshika koti lile, na hakuwa na moyo wa kuibandua.

Mama alimkalisha kijana kwenye kochi, akaketi naye. Akamshika uso, akautazama. Kijana, kwa kutaka kumfurahisha, akalegeza bega la kushoto na kukifunga kifungo kwa mkono mmoja, taratibu, kama kwenye filamu.

Mama alikuwa anatabasamu. Kisha akaunyoosha mkono na kuligusa lile bega, pale pale ambapo mwanawe alikuwa na fundo la mfupa, akaanza kulikanda kwa kidole gumba kama alivyozoea.

"Linauma wapi leo?" aliuliza.

Kijana akababaika. Akamtazama Bosi, akamtazama Dada Ungo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye adabu zake anayetafuta kazi.

"Haliumi, mama. Naigiza tu."

Kidole cha Mama kikasimama.

"Haliumi?"

"Haliumi, mama yangu. Nisamehe."

Mama akauchukua mkono wa kushoto wa kijana, akaunyanyua juu polepole, mpaka juu kabisa ya kichwa, ukaenda bila shida. Akaurudisha chini, akamwekea kwenye paja kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"La mwanangu lilikuwa linauma," akasema. "Kila kukicha lilikuwa linauma, na mlikuwa mnampigia makofi. Wewe una mikono miwili mizima, Mungu amekupa. Itumie, baba. Usijilemaze kwa ajili yangu." Kisha, bila kugeuka, akamwambia Bosi, "Matunda yako nimeyapokea. Koti la mwanangu liache hapa."

Kijana alilivua mara moja, akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa mikono yote miwili. Walipoondoka, Mama alibaki amelipakata.

"Ulikuwa unamjua huyu?" alimuuliza binti yake.

"Nilikuwa namjua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungempenda."

"Nilimpenda," Mama akasema. "Kwa dakika ile nilimpenda kabisa. Sasa niambie, kama una wako wewe, anafungaje koti?"

"Kwa mikono miwili. Na kwa shida."

Mama aliguna kwa pua, kitu kilichokaribia kicheko, cha kwanza tangu msiba. "Nenda kamalize viazi."

Jumatatu Dada Ungo hakungoja kuitwa. Aliingia ofisini kwa Bosi akamkuta na mwongozaji, akavuta kiti mwenyewe.

"Ya jana nyumbani kwetu yaishe jana," alisema. "Usirudie tena. Leo nimeleta mtu wangu. Ni Marehemu."

Bosi alicheka. Alipoona mwongozaji hacheki, akaacha. "Dada, umechoka. Huyo watu wamemwona anakufa mara tatu! Leo aamke awe Mgeni? Watatuzomea mpaka tuhame mji."

"Mara ya kwanza alikufaje?"

"Alipigwa risasi. Alikuwa dereva."

"Hapana," mwongozaji akasema. "Alizama. Alikuwa nahodha."

"Aliyezama ni mwingine, yule mwenye upara."

"Hakuna aliyekuwa na upara! Nimeiongoza mimi hiyo filamu."

"Mimi ndiye niliyeilipia!"

Dada Ungo aliwaacha wabishane mpaka wakaishiwa. "Alikuwa mhudumu wa hoteli," akasema. "Alikula sumu. Mnaona? Amekufa mara tatu mbele ya macho yenu na hamjui sura yake. Wala si nyinyi tu. Aliingia chumbani kwangu, mimi niliyempa kazi zote hizo, sikumjua. Kaka yangu, Mungu amrehemu, watu walimwona akiingia. Huyu watu watamwona ameshaketi. Mnataka jasusi wa namna gani tena?"

Bosi alizungusha pete yake kidoleni. "Na watu wakimkataa?"

"Wakimkataa, utanifukuza, na sitakuja kulia mlangoni kwako. Lakini nakala ya kaka yangu siichagui. Mkimtaka yule kijana, tafuteni na mteuzi mwingine, maana mimi sitasaini."

Mwongozaji aliweka mkono mezani. "Mimi nipo na dada."

"Nyote wawili vichwa vigumu," Bosi akasema, na akakubali shingo upande. Hata hivyo aliwaambia Kijana wa Magodoro apewe sehemu ya adui, na Dada Ungo hakupinga. Kijana alikuwa na kipaji, na safari hii angecheza kwa mabega yake mwenyewe.

Fundi wa mavazi alikuja kumuuliza habari ya koti. Kitambaa kile kile kilikuwepo cha kutosha. Je, ashone kama lile la zamani, na matundu mapana?

"Kata matundu ya kawaida," Dada Ungo alisema.

"Kitambaa ni kizito, dada. Yatambana."

"Yambane. Atayazoea."

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Koti la kaka yake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha Mama, mahali ambapo angeliona kila akifungua macho. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema wanamwitaje huyo bwana?"

Dada Ungo akasita. "Marehemu. Ni utani wa kazini."

"Waambie waache. Hilo ni la mwanangu sasa. Huyo ana kazi ya kufanya, wamwite Mgeni."

Siku ya kwanza ya kupiga filamu walitumia ukumbi wa mikutano uliopambwa maua ya karatasi. Mezani walikaa watu kumi na kitu waliovalia vizuri, taa zikiwachoma, mpambaji akikimbia huku na huku na pamba yake. Nje ya mlango, kwenye ujia mwembamba uliojaa nyaya, alisimama Mgeni wa nne ndani ya koti jipya, na Dada Ungo pembeni yake. Kifungo kilikuwa kimemgomea. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Dada, hili tundu..."

Mkono wa Dada Ungo ulitaka kwenda wenyewe. Mara ngapi alimfungia kaka yake kifungo asubuhi, kabla ya shule, kabla ya ibada. Akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa mwenzake.

"Pole pole," akasema. "Una mikono miwili."

Kifungo kikaingia. Yule bwana akashusha pumzi, akalinyoosha koti kifuani. Ndani, mwongozaji alikuwa ameshaamuru kimya. Dada Ungo alifumba macho, akasema amina ya dua ambayo hakuitamka, akausukuma mlango ukafunguka.